Mkonga Ukichuchumaa Nyuma, Usikimbilie Shokapu

Oya wanangu wa Dongobesh, Haydom, Mbulu mjini, na nyie masela wa Katesh mnaopanda huku kusaka mkwanja, leo tunaongea mkao wa machuma. Siku ya mnada jiweke pembeni ya barabara uangalie ndinga zinavyoingia. Mkonga, ile Land Cruiser, unatokea mashambani na magunia ya vitunguu swaumu, juu ya keria kuna watu, mlangoni kuna watu, pua inaangalia mawingu na bampa ya nyuma inakaribia kulamba vumbi. Masela wanashangilia, mnyama huyo! Poa. Ila subiri ashushe. Magunia chini, abiria chini, konda kaenda kusaka chai, halafu chuma bado kimechuchumaa vilevile. Hapo sasa ndo penye noma. Gari likibeba lazima libonyee, hiyo haina ubishi. Likiwa tupu na bado limebonyea, ujue springi zimechoka, au kuna pleti imeshakatika na hakuna aliyeinama kuangalia.

Na hapa ndo vijana wengi wanapigwa. Mtu anajichangachanga, anashuka Babati au anakwenda mpaka Arusha, anarudi na shokapu mpya zinang'aa, anafunga, anapiga misele miwili mitatu, na mkonga haujapanda hata upana wa kidole. Anamaindi, anasema kauziwa feki. Mwanangu, shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mdundo. Springi ikishapigwa na shimo inataka kuruka juu chini, juu chini, na shokapu inaikaba kwa mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo ndani yake mpaka itulie. Uzito wa bodi, magunia na wewe mwenyewe na kofia yako unabebwa na springi. Shokapu iliyokufa utaijua gari likidundadunda kila likivuka tuta, au ukikuta mafuta yametiririka kwenye mwili wake. Ukitaka kuinua nyuma ya gari, ishu yako iko kwenye springi, period.

Huku kwetu mkonga tunamaanisha Land Cruiser za familia ya 70, zile Toyota walizoanza kuzitoa 1984, na ule mrija wa hewa unaopanda pembeni ya kioo. Mwaka 1999 Toyota waliziwekea koili springi mbele, lakini nyuma, kwa mkonga mrefu na kwa pikapu, waliacha pleti, zile za chuma zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kwa mtu wa Dongobesh sababu iko wazi. Pleti zinabeba kinoma, zinafunguliwa kwa spana za kawaida, na ikikatika moja zilizobaki zinaweza kukusogeza mpaka nyumbani. Land Rover nao walitembelea pleti kuanzia 1948 mpaka kwenye Series III, ndipo 1983 ikaja 110 na koili springi kona zote nne. Kwa hiyo kabla hujaanza kubishana gereji, jua kwanza chuma chako kinakaa juu ya nini.

Barabara zetu unazijua. Kutoka Dareda unaupanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka utokee huku juu, na kile kipande kikiisha mtu anashukuru Mungu kwa sauti. Ukitoka Mbulu kwenda Haydom unapita hapahapa Dongobesh, njia ambayo wagonjwa wameitumia tangu hospitali ya Kilutheri ya Haydom ifunguliwe 1955. Lami inakuja kwa vipande, na tunaisubiri kwa hamu, ila kwenye njia za kuingia mashambani bado ni mawe, makorongo na lile tope la masika linalonata mpaka kwenye nafsi. Gari likiwa linapanda mlima na mzigo, uzito mwingi unarudi nyuma. Springi inabonyezwa mpaka mwisho, ekseli inagonga ile raba ya chini ya chesisi, na inagonga tena, na tena. Chuma cha springi kina uvumilivu wa ajabu, lakini kikikunjwa zaidi ya kipimo chake kila wiki, kinaanza kusahau umbo lake. Kinalala hivyohivyo.

Kuna fundi mmoja hapa kitaa, gereji yake ni kivuli cha mti na mashimo mawili, na mimi ninamkubali mbaya kwa kitu kimoja: hashiki spana kabla hajapima. Gari linasimamishwa sehemu tambarare, likiwa tupu, tairi zina upepo sawa. Anachukua tepu, anapima kutoka katikati ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kushoto na kulia, nyuma na mbele. Kama pande zote za nyuma zimeshuka sawa, springi zimechoka. Kama upande mmoja umeshuka zaidi, kuna kilichokatika au kuna bushi imeliwa. Kisha anapima kutoka katikati ya tairi ya mbele kwenda ya nyuma, upande huu na ule. Namba zikitofautiana, ile bolti ya katikati inayofunga pleti pamoja imekatika na ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Gari la hivyo utaliona barabarani linatembea kiubavuubavu, na linamaliza tairi hatari.

Baada ya hapo anaingia chini na ndoo ya maji na brashi ya waya. Tope lote linatolewa kwanza, kwa sababu ufa kwenye pleti ni mdogo sana, kijistari chembamba cha kutu kinachokatisha upana wa chuma, na mara nyingi kinajificha karibu na tundu la bolti ya katikati au pale pleti ndefu inapojikunja kushika bushi. Siku niliyokuwepo alimshika dogo mwenye gari kidole, akakipitisha chini ya pleti ya pili. Palikuwa na mtaro umechimbika pale ncha ya pleti fupi ilipokuwa inasugua, umezama kabisa, ukucha unaingia. Pleti ikishaliwa pale, imebaki na unene wa kubahatisha.

"Fundi, si tuongeze tu pleti moja tumalize?" dogo akauliza.

"Mdogo wangu, tuangalie kwanza kilichokufa. Ukimvalisha maiti koti, ataamka?"

Ndo hapo wanangu. Mtaani dawa ya kwanza ni kuongeza pleti, na mara nyingi ile pleti imetoka kwenye Fuso au Canter iliyokufa. Inaingia, gari linapanda, picha zinapigwa, mzuka unapanda. Lakini ugumu wa pleti unakwenda na unene wake ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu: unene ukiwa mara mbili, pleti inakuwa ngumu mara nane. Hiyo pleti ya lori haifanyi kazi pamoja na pleti nyingine. Inakataa kupinda, mshtuko wote unakwenda kwenye chesisi na kwenye pleti kuu, na abiria wa nyuma wanashuka migongo imekufa. Kuongeza pleti inakubalika kama ni ya gari lilelile, unene uleule au nyembamba kidogo, na zile nyingine bado zina uhai. Zikiwa zimelala kabisa, umefukia tatizo tu.

Dawa ya pili ni kuzipinda upya, na hii ni kazi ya heshima ikifanywa na mtu anayeijua. Kuna wanaozigonga baridi kwa nyundo, kidogokidogo, pleti moja moja, mpaka upinde urudi. Inasaidia kwa muda, hasa kama gari halibebi sana. Kuna wanaozitia moto, na hapa ndo penye maujanja na hatari. Chuma cha springi, kile chenye kaboni pamoja na silikoni au kromiamu, kinataka joto la kama nyuzi 850 za Selsiasi mpaka kiwe chekundu kote, kipindwe, kizamishwe kwenye mafuta, halafu kirudishwe kwenye joto la wastani, kama nyuzi 450 hivi, ili kisiwe kikavu. Ukikipasha, ukakipinda, ukakiacha kipoe chenyewe hapo chini, umetengeneza chuma laini, na mzigo wa kwanza wa maana kinarudi kulala. Ukikimwagia maji kikiwa chekundu, kinaweza kupasuka hapohapo au kikakungoja katikati ya mlima wa Dareda. Muulize fundi wa moto anapoza kwa kitu gani na anarudishaje joto. Akikujibu longolongo, beba pleti zako uondoke kiroho safi.

Mkwanja ukiruhusu, nunua seti mpya, pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja mpya na mwingine mzee unakupa gari lililoinama na breki zinazovuta. Arusha, kwa sababu ya magari ya watalii, springi za kubeba zinapatikana, zikiwemo Old Man Emu za Australia, na zinauzwa kwa daraja la mzigo. Usichukue zile ngumu kuliko zote kwa ubishoo. Mtu anayebeba familia na gunia mbili akifunga springi za tani moja anatembelea jiwe, tairi zinarukaruka na barabara ya vumbi inamponyoka kwenye kona. Chagua kwa mzigo unaobeba siku nyingi.

Wenye Land Rover 110, tena wale mliorudi na mapicha kutoka kwenye tamasha la Arusha la Oktoba 2024, walipokusanya Land Rover kuisaka rekodi iliyokuwa ya Wajerumani, mna ishu yenu. Baadhi ya 110 za milango mingi zilikuja na kifaa cha Boge katikati, juu ya ekseli ya nyuma, kinachojiinua chenyewe gari likitembea na mzigo. Kwa sababu kilikuwepo, kiwanda kiliweka springi laini zaidi. Kikifa, na kwa umri wao vingi vimeshakufa, gari linakaa chini hata koili zikiwa nzima. Wengi wanakitoa na kufunga koili za kubeba, na ni uamuzi mzuri. Ukinunua koili, angalia ile mistari ya rangi iliyopakwa, ndiyo inayokwambia ugumu wake na upande inapokaa, maana kuna magari ambayo koili ya kushoto na ya kulia hazifanani. Na vile vipande vya tairi mnavyochomeka katikati ya koili, vitoeni. Vinaziba mizunguko miwili mitatu isifanye kazi, iliyobaki inabeba kazi ya yote, na koili inakatika.

Halafu kuna hili ambalo karibu hakuna anayelisema gereji. Kwenye Toyota nyingi za mzigo, Hilux na baadhi ya Land Cruiser, kuna valvu ya breki nyuma yenye kijiti kilichoshikana na ekseli. Nyuma ikibonyea, valvu inajua kuna mzigo, inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Nyuma ikiinuka, inapunguza. Sasa wewe ukiinua gari kwa sentimita tano na kijiti hukukigusa, valvu inaamini mzigo wako ni mdogo kuliko uliopakia. Unashuka ukuta wa Bonde la Ufa na breki za mbele zinabeba kazi kuliko inavyotakiwa. Mwambie fundi akirekebishe, usikubali akisema baadaye.

Kwenye kufunga, yuboliti ziwe mpya, zikazwe kwa kupishana kona kwa kona. Bolti za bushi za raba zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limeshakanyaga chini, kwa sababu ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba inajisokota gari likishuka na inachanika mapema. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda Mbulu na kurudi, rudi ukaze tena yuboliti. Zinalegea, zote zinalegea.

Na sasa lumbesa. Sheria ya Vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Magunia kumi ya halali ni tani moja, na gari lako lilitengenezwa likiwa na tani kama hiyo kichwani. Lumbesa, lile gunia lenye kichwa cha nyavu juu yake, linamnyonya mkulima kwenye bei, linamvunja kijana mpakiaji mgongo, na linakulalia springi wewe dereva unayeona umepata dili. Ukihesabu magunia bila kuhesabu kilo, unajidanganya.

Kwa hiyo mwanangu, kabla ya mnada ujao tafuta tepu, simamisha chuma chako tambarare kikiwa tupu, pima pande zote nne, uandike namba kwa maka peni ndani ya mlango wa dereva. Pima tena baada ya masika. Namba za nyuma zikishuka, peleka gari kwa fundi kabla hujapakia, na lumbesa ikija, ikatae.