Ubao Uliotoka Darini: Tulivyotafuta Habari za Kitanda cha Mfumi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, mwaka uliopita baada ya darasa la alasiri mwanafunzi wetu mmoja alituletea ubao mrefu uliokuwa mweusi kwa masizi. Urefu wake unakaribia mkono wa mtu mzima. Umechongwa ukawa mwembamba pande zote mbili, na ncha yake imechongoka. Alisema umetoka darini kwa bibi yake, juu ya mafiga, na moshi ndio uliouokoa na mchwa. Miti mingine miwili iliyokuwa pamoja nao ilikwisha kuchanjwa kuni masika yaliyotangulia. Akauliza: "Mwalimu, hiki ni kitu gani?"

Hatukujua. Tukamwambia atupe muda tutafute. Katika makala hii tutaeleza tulivyolitafuta jibu, jinsi chombo chenyewe kilivyofanya kazi, na faida tuliyoipata katika kuifahamu Qur'an.

Habari tatu za ubao mmoja

Tulipouonyesha ubao ule mtaani tulipata majibu matatu. Vijana walisema ni upanga wa vita vya zamani. Wengine wakasema ni mwiko wa kusongea ugali wa shughuli. Bibi mwenye ubao akasema ni chombo cha babu yake, aliyekuwa akifuma nguo za pamba.

Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul-Hujurat (49:6) kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Wanavyuoni wa Hadithi nao walituachia utaratibu mzuri wa kuuliza: Nani amesema? Amesikia kwa nani? Je, huyo aliona mwenyewe? Hatusemi kuwa habari za ubao ni sawa na Hadithi za Mtume (s.a.w.), lakini adabu ya kuuliza tunaweza kuichukua hapo na kuitumia katika mambo yetu ya kila siku.

Vijana hawakuweza kumtaja mtu yeyote aliyewaambia. Waliosema ni mwiko walikisia kwa umbo tu. Bibi alituambia wazi kuwa yeye hakumwona babu yake akifuma. Aliambiwa na mama yake, ambaye utotoni alikuwa akikaa kando ya mfumaji akitoa mbegu katika pamba. Hapo tukapata mnyororo: bibi kutoka kwa mama yake, na mama yake ni shahidi wa macho.

Kisha tukauchunguza ubao wenyewe. Kwenye kingo zake mna mikwaruzo myembamba mingi, iliyopangana kama meno ya kitana. Upanga wa vita haupati alama za namna hiyo, na mwiko huliwa zaidi kwenye ncha. Alama hizo zinaweza kuachwa na uzi unaopita mahali pale pale kila siku.

Yaliyoandikwa

Jambo la tatu lilikuwa kutazama maandishi. Mskoti David Livingstone alipita Ufipa, kando ya Ziwa Tanganyika, mnamo Oktoba 1872. Katika shajara zake za mwisho, zilizochapwa 1874 baada ya kufa kwake, ameeleza kuwa pamba ililimwa kwa wingi pwani ya ziwa hilo. Mimea iliachwa isimame mwaka hadi mwaka ikawa mikubwa, na katikati yake watu walipanda nafaka na karanga. Kwa pamba hiyo walifuma nguo nzito, nayo ndiyo iliyokuwa vazi la watu wote. Shajara hizo leo zinasomwa hata kwa simu.

Naye Roy Willis, mtaalamu aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960 akichunguza mila na historia, alitoa kitabu juu ya Ufipa ya kale mwaka 1981. Nguo ya pamba ya Wafipa inajulikana kwa jina la iseketa. Tulipolitaja neno hilo mbele ya bibi, alicheka akasema, "Sasa mmelipata. Mama alikuwa akilisema hilo."

Basi ushahidi ulikuwa wa aina tatu: mapokezi, chombo chenyewe na maandishi. Yote yalielekea upande mmoja. Ubao ule ni upanga wa mfumi, na miti miwili iliyochanjwa kuni, kama ilikuwa ya chombo hicho hicho, ilikuwa miti ya kitanda chake.

Kitanda cha mfumi kinavyofanya kazi

Msomaji asifikirie kitanda cha kulalia. Kitanda cha mfumi ni chombo cha kutandia nyuzi ili zifumwe nguo. Viko vya aina nyingi. Kilichotumika sana katika nchi za ndani za Afrika Mashariki na Kusini ni kile cha ardhini, nacho hufanya kazi hivi:

1. Pamba huanikwa, hutolewa mbegu kwa mkono, kisha husokotwa iwe uzi. Msokotaji hutumia kijiti chenye kigurudumu kidogo cha udongo au cha mti kinachozunguka kama pia.

2. Vigingi vinne hupigwa ardhini. Miti miwili hufungwa kwenye vigingi hivyo, mmoja huku na mmoja kule.

3. Nyuzi hutandwa kutoka mti mmoja hadi mwingine na kukazwa. Hizi huitwa mtande.

4. Uzi mmoja huchukuliwa na mwingine huachwa. Zile zilizochukuliwa hufungwa kwa vitanzi kwenye fimbo iliyolazwa juu. Fimbo ikiinuliwa, nusu ya nyuzi hupanda na nusu hubaki chini.

5. Katika nafasi hiyo mfumi huingiza ule upanga wa mti na kuusimamisha ili njia ipanuke. Hupitisha uzi wa kukata, unaoitwa mshindio, kisha huupiga kwa upanga ukae sawa na uliotangulia.

6. Fimbo hushushwa, nyuzi zilizokuwa chini huwa juu, na mshindio hurudi ulikotoka. Huendelea hivyo, uzi baada ya uzi, mpaka nguo itimie.

Chombo cha aina hii ni cha kale sana. Katika kaburi la mkubwa mmoja wa Misri aitwaye Meketre, lililochimbuliwa mwaka 1920, zilikutwa sanamu ndogo za mbao za wanawake wakisokota na kufuma kwenye vitanda vya ardhini. Sanamu hizo zina umri wa takriban miaka 4,000. Na katika pwani yetu, msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa hapo zikipelekwa mpaka Misri. Kwa hiyo asitokee mtu akadhani kuwa wazee wetu walikaa bila nguo wakisubiri meli.

Kwa nini kazi hii ilikufa?

Sababu si moja. Katika karne ya 19 kitambaa cha viwandani kutoka Marekani kilianza kuingia kwa wingi kupitia Zanzibar. Watu wakakiita merikani, na jina hilo tunalo mpaka leo. Baadaye zikaja nguo za viwanda vya Bombay na vya Ulaya. Mashine hufuma kwa saa kile ambacho mkono hufuma kwa siku nyingi, hivyo bei ya mfumi wa kijijini haikuweza kushindana.

Kisha ikaja kodi ya nyumba ya serikali ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Watu walihitaji fedha taslimu. Baadaye wanaume wengi wa Ufipa wakaenda mbali kutafuta kazi, wengine kwenye mashamba ya mkonge. Mfumi akiondoka miaka miwili, mtoto wake hana wa kumfundisha.

Mazingatio

Ndugu wanafunzi, jambo lililotugusa zaidi lilitokea darasani. Tulipata pamba kidogo, tukachonga kijiti, tukajaribu kusokota kwa zamu. Alasiri nzima uzi wetu haukufika hata urefu wa kanzu, na vidole viliuma. Kisha kijana mmoja akaufumua kwa mchezo. Wenzake walipiga kelele, na mmoja alikaribia kulia.

Hapo ndipo tulipofungua Suratun-Nahl (16:92), ambapo Allah (s.w.) anawakataza Waumini wasiwe mfano wa mwanamke aliyeukata uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa imara. Aya hiyo inahusu viapo na ahadi. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi, lakini siku ile kila mtoto aliijua hasara ya kuvunja ahadi kwa vidole vyake mwenyewe.

Tukakumbuka pia Hadithi iliyopokewa na Sahl bin Sa'd (r.a.) katika Sahih Bukhari, juu ya mwanamke aliyemletea Mtume (s.a.w.) shuka aliyoifuma kwa mikono yake. Mtume (s.a.w.) aliipokea akiwa na haja nayo, kisha akampa mtu aliyemwomba. Kazi ya mkono ina heshima katika dini yetu.

Lakini lipo la kuhuzunisha. Tuliambiwa kuwa katika kijiji kingine cha bondeni yuko mzee aliyewahi kuonyeshwa namna ya kufunga vile vitanzi vya fimbo. Tukasema tutakwenda baada ya mavuno. Tulipofika tulikuta ni siku ya tatu ya msiba wake. Tulikaa na wafiwa, tukarudi. Kosa ni letu sisi walimu, wala hatuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo tunawausia wanafunzi wetu, likizo hii, kila mmoja amwendee bibi au babu kwa adabu, amwamkie, kisha amwonyeshe kitu kimoja cha zamani kilichomo nyumbani na kumwuliza:

1. Kinaitwaje, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani?
2. Kilikuwa cha nani?
3. Wewe ulikiona kikitumika, au uliambiwa? Na nani?
4. Kilitengenezwa kwa kitu gani?
5. Nani mwingine anayekijua tumwendee?

Andika majibu pamoja na tarehe. Ukikuta mtu hajui, usimlazimishe aseme. Na wazazi tunawaomba, kabla hamjachanja kuni miti ya darini, waulizeni wazee kwanza.

Ubao ule tumeurudisha kwa bibi, nao sasa umetundikwa ukutani, mbali na mafiga.

Tunamwomba Allah (s.w.) awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.