Maneno ya Siasa Kinywani mwa Mwalimu Mchanga

Ni desturi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwamba aliyefuzu shahada ya kwanza kwa alama za juu huweza kuajiriwa na idara yake, akaongoza semina za wanachuo wapya huku yeye mwenyewe akisomea shahada ya uzamili. Katika sayansi ya siasa, kama katika masomo mengine, mtu huyu hupimwa kwa tasnifu yake zaidi kuliko kwa semina zake. Max Weber, katika hotuba aliyoitoa München mwaka 1917 juu ya wito wa mtaalamu, alieleza kwamba utafiti na ufundishaji ni vipawa viwili, na kwamba kukutana kwavyo ndani ya mtu mmoja ni bahati tu. Vyuo vingi hata leo vimeiachia bahati hiyo kazi ambayo mafunzo yangaliweza kuifanya.

Lugha ya masomo hayo ni Kiingereza. Lakini mwanachuo aliyekwama huuliza kwa Kiswahili, na hapo ndipo ujuzi wa mwalimu hudhihirika.

Neno “siasa” lenyewe ni mtego. Katika Kiarabu asili yake yahusu pia utunzaji wa farasi. Katika Kiswahili, kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya taratibu, bila pupa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 watu walizoea kusikia juu ya siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na mwaka 1972 TANU ilitangaza huko Iringa kwamba “Siasa ni Kilimo”. Hapo neno lilikuwa na maana ya mwongozo wa chama, ambao siku hizi huitwa sera. Mwalimu asiyezitenga maana hizi atadhaniwa kufundisha mwongozo, hali anafundisha uchunguzi wa mamlaka.

Mtego mkubwa zaidi ni “dola” na “serikali”. Weber, katika hotuba nyingine ya 1919, aliieleza dola kuwa jumuiya ya watu ambayo, katika eneo lake, hudai na kufaulu kushika peke yake haki ya kutumia nguvu. Mwalimu akitia “serikali” mahali pa “dola”, fasili yote huharibika, maana mwanachuo ataamini kwamba kila uchaguzi huleta dola mpya. Mwaka 1985 Rais Nyerere alimwachia Rais Mwinyi uongozi. Serikali ilibadilika, dola ikabaki. Wala asili ya neno haisaidii hapa: mzizi wa Kiarabu wa “dola” una maana ya kupokezana kwa zamu, yaani kinyume kabisa cha kitu kinachobaki! Wanaopenda kufundisha maana kwa njia ya asili za maneno hawana budi kujihadhari.

Kinachosaidia ni matumizi. Kila msomaji wa magazeti ajua kwamba “vyombo vya dola” ni polisi, jeshi na wenzao. Mwalimu akianzia hapo, nusu ya fasili ya Weber imekwisha kueleweka kabla hajaitaja.

Yafaa basi kila anayeandaliwa kwa kazi hii aongoze semina moja nzima kwa Kiswahili mbele ya wenzake, bila kuchanganya lugha, na mtaalamu wa lugha akae nyuma akiandika kila neno lililomkwamisha. Orodha hiyo, na si alama, ndiyo atakayorudishiwa.