Kioo cha gari la umeme ni kioo tu, lakini si kila kioo kinafaa

Magari ya umeme yameanza kuzoeleka katika barabara za Mombasa, na pamoja nayo imeingia hofu mpya gerejini. Fundi aliyeshika magari ya petroli miaka ishirini akisikia kwamba hili halina injini, kwamba betri yake imelala chini ya sakafu, basi hata kioo cha mlango hataki kukigusa. Na yule asiyeogopa, mara nyingine huigeuza hofu ya mwenye gari kuwa bei.

Nasema hivi kwa sababu mwezi uliopita mashine ya kukatia nyasi ilirusha kijiwe kando ya barabara kule Nyali, kikapiga kioo cha mlango wa nyuma wa gari letu, Nissan Leaf lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Kioo hakikufanya ufa. Kilimwagika chote kwa mara moja kama chumvi ya mawe. Mtoto wetu alikuwa ameketi upande uleule, na alitoka na michubuko miwili ya mkononi, basi.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, mwenyewe alilizunguka gari kisha akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, hili ni la stima. Hapa lazima kwanza tuzime mfumo wote wa betri, tumlete mtaalamu." Akaitisha shilingi 45,000, na kioo chenyewe hajakipata. Wa pili alicheka, akaniambia nisijisumbue: niende kwa fundi wa vioo vya madirisha ya nyumba, apime, akate, apachike, elfu tatu tu yamekwisha. Wa kwanza alitaka pesa zangu. Wa pili alikuwa mtu mwema, na ushauri wake ndio uliokuwa wa hatari zaidi.

Tuanze na huo umeme. Ndani ya gari kama Leaf mna mifumo miwili. Upo umeme mkubwa, wa volti zaidi ya 350, unaotoka kwenye betri kubwa chini ya sakafu kwenda kwenye mota, chaja na kompresa ya AC. Huo ni wa kuua, na si wa kuchezewa. Nyaya zake zimevikwa ganda la rangi ya machungwa ili kila mtu azijue, nazo hupita chini ya gari na mbele chini ya boneti. Kisha upo umeme mdogo wa volti 12, kutoka kwenye betri ndogo kama ile ya gari lolote la petroli. Huo ndio unaowasha taa, redio, kufuli za milango, na mota inayopandisha na kushusha vioo.

Kwenye mlango mna volti 12 peke yake. Hakuna waya wa machungwa unaoingia mlangoni. Kwa hivyo fundi anayeweza kufungua mlango wa Probox anaweza kufungua mlango wa Leaf, na akikwambia lazima azime betri kubwa ili abadilishe kioo, ama hajui ama anajua sana.

Jirani mmoja aliliona gari limefunikwa nailoni akaniuliza kama mvua ikiingia ndani haitatupiga shoti. Ni swali la haki. Betri kubwa imefungwa ndani ya sanduku lililozibwa maji yasipite, na nyaya zake mbili hazikuunganishwa na bodi ya gari kama tulivyozoea kwenye betri ndogo, ambako upande wa hasi hufungwa kwenye chuma. Kompyuta ya gari hupima utengano huo, na umeme ukianza kuvujia kwenye bodi hutoa onyo. Maji ya mvua kwenye kiti hayatakuua. Yatakayoharibika ni swichi za mlangoni na mazulia, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, uharibifu hauchukui muda kuanza.

Liko jambo moja ambalo gari la umeme kweli linataka tahadhari zaidi, na sikusikia fundi hata mmoja akilitaja. Halingurumi. Gari la petroli likiwa limewashwa utalisikia. Hili linaweza kuwa tayari kuondoka na mtu amelala nusu ndani akipapasa boliti, asijue. Kabla ya kazi, gari lizimwe, breki ya mkono ivutwe, na ufunguo uwekwe mbali, usibaki mfukoni mwa mwenye gari anayezungukazunguka hapo.

Sasa kioo chenyewe, ambacho ndicho chenye hatari. Kioo cha mbele cha gari ni cha tabaka: vioo viwili vimegandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa hufanya ufa wa buibui na kubaki mahali pake. Vioo vya ubavuni, katika magari mengi, ni vya namna nyingine. Nitaviita vya kupikwa. Kioo cha kupikwa hukatwa kwanza kwa umbo lake, kikatobolewa matundu, kikapindwa, ndipo kikaingizwa kwenye tanuri yenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi. Kikitoka hupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili. Uso wa nje hukauka kwanza ilhali ndani bado ni moto. Ndani nako kunapopoa hutaka kunywea, na uso uliokwisha kukakamaa hauruhusu. Kwa hiyo kioo hicho huishi maisha yake yote katika mvutano, nje kimebanwa na ndani kimenyooshwa. Mvutano huo ndio unaokipa nguvu kupita kioo cha kawaida, na ndio unaokifanya, kikishindwa mahali pamoja, kisambaratike chote kuwa punje ndogo zisizo na ncha ndefu.

Kutokana na hayo utaona kwamba kioo kilichokwisha kupikwa hakikatwi tena. Ukikitia almasi ya kukatia, mvutano unafunguka na kinamwagika mikononi. Kwa hivyo fundi wa madirisha anapokwambia atakukatia kioo cha gari, atakachokukatia ni kioo cha nyumba. Kitaonekana sawasawa. Kitapanda na kushuka. Siku gari litakapogongwa ubavuni, kitavunjika kama kioo cha nyumba kinavyovunjika, vipande virefu kama visu, na vipande hivyo vitakuwa usawa wa shingo ya aliyeketi pale. Michubuko miwili ya mtoto wetu ilikuwa michubuko kwa sababu kioo kilikuwa cha kupikwa. Ile plastiki ngumu ya mabango ambayo wengine huipachika haikati hivyo, ila itapata mikwaruzo hadi usione nje, na nayo si kitu cha kuuzwa kama kioo cha gari.

Kutambua kioo halali si kazi. Tazama pembe ya chini. Utakuta chapa iliyochomwa ndani ya kioo isiyofutika kwa kucha: jina la kiwanda, alama za viwango kama herufi E ndani ya duara yenye namba, na mara nyingi neno TEMPERED au TOUGHENED kwa kioo cha kupikwa, LAMINATED kwa cha tabaka. Kisicho na chapa yoyote mwachie muuzaji.

Usidhani lakini kwamba kila kioo cha ubavuni ni cha kupikwa. Katika magari ya umeme mapya, baadhi ya watengenezaji wameweka kioo cha tabaka hata kwenye milango, hasa ya mbele. Sababu ni ukimya. Injini ikiondoka, mlio wa upepo uliokuwa umefunikwa huanza kusikika, na kioo cha tabaka huupunguza. Gari lako likiwa hivyo, badilisha kwa namna ileile. La sivyo hutalijua gari lako kwa kelele.

Na hapo pana jambo linalotuhusu sisi tunaovuka Likoni. Hatujasahau Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na mama na binti yake wakazama. Wako wanaoweka nyundo ndogo ya kuvunjia kioo ndani ya gari, na ni jambo zuri, lakini nyundo hiyo hufanya kazi kwenye kioo cha kupikwa. Mwaka huohuo wa 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa sita vya namna hiyo. Vinne vilivunja kioo cha kupikwa. Hakuna hata kimoja kilichovunja cha tabaka. Kwa hiyo soma chapa ya kila mlango wa gari lako leo, ujue ni dirisha gani utaliendea.

Kupata kioo cha Leaf hapa Mombasa si rahisi kama cha Vitz, kwa kuwa magari yenyewe ni machache. Mimi nilikipata kwa muuzaji wa spea wa Nairobi anayekatakata magari yaliyotumika Japani. Ukipiga simu, usiseme "Leaf" ukanyamaza. Lipo toleo la kwanza lililoanza 2010 na la pili lililoanza 2017, na namba ya chasi ndiyo inayosema lako ni lipi: huanza na ZE0, AZE0 au ZE1. Taja mlango kwa upande wa dereva akiwa ameketi kwenye usukani. Kisha sema rangi. Magari mengi ya Japani vioo vya nyuma ni vyeusi tangu kiwandani; weusi huo umo ndani ya kioo, si tinti ya kubandikwa, na ukiletewa cheupe mlango mmoja utaonekana kiraka.

Kilikuja kwa basi la usiku kimefungwa katikati ya vipande vya godoro kuukuu. Muuzaji alijua alifanyalo. Kioo cha kupikwa uso wake huvumilia, lakini ukingo wake hauna subira, na kikigongeshwa pembe sakafuni kinaweza kwisha palepale. Kilaze juu ya mkeka au zulia, usikisimamishe kwenye simiti. Kioo kilinigharimu shilingi 9,000, na fundi 2,000.

Wakati wa kungoja, funika dirisha kwa nailoni nzito: ipitishe juu ya fremu ya mlango, ufunge mlango juu yake, ndipo uongeze seloteipu, maana gundi iliyokaa juani siku tatu huondoka na rangi ya gari. Punje za kioo zinyonywe kwa mashine, zisipanguswe kwa mkono. Chunguza hasa matundu ya kufungia mikanda. Punje moja ikiingia humo, mkanda waweza kukataa kushika.

Kazi yenyewe haikuchukua saa mbili. Fundi alitoa waya wa hasi wa betri ndogo, akangoja dakika chache. Kungoja huko ni kwa ajili ya mifuko ya hewa, kwani baadhi ya magari yana kihisi cha mgongano ndani ya mlango na hakitaki kuchomolewa kukiwa na umeme. Akafungua skrubu zilizofichwa nyuma ya mshikio, akabandua bodi ya ndani kwa kibanio cha plastiki badala ya bisibisi. Nyuma yake mlikuwa na utando wa nailoni ulioshikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Utando huo mafundi wengi huuchana na kuutupa, na ni kosa kubwa kwa gari la Pwani. Ndio unaozuia maji yanayoteremka ndani ya mlango yasiingie kwenye swichi na zulia, na kwenye magari ambayo kihisi chake husoma shinikizo la hewa mlangoni, tundu linaweza kukipotosha. Ubanduliwe taratibu, urudishwe wote.

Kisha ikaja kazi ya kuchosha, kutoa punje zilizoanguka chini ya mlango. Mashine ilinyonya mara tatu, na bado ukiutikisa mlango unasikia mchakacho. Vumilia. Punje zikibaki kwenye mpira wa pembeni zitachora kioo kipya siku ya kwanza, na zikiziba matundu ya chini, mlango utakuwa ndoo. Masika moja tu na kutu itaanza ndani usikoiona.

Baada ya hapo kioo huingizwa kwa kuinamishwa upande mmoja, kikabanwa kwenye mashine ya dirisha kwa boliti zake bila kukazwa kwa hasira. Umeme ukisharudishwa, huenda kioo kikakataa kupanda chenyewe kwa mguso mmoja. Hakijaharibika. Kishushe hadi mwisho, kipandishe hadi mwisho, na uendelee kuivuta swichi sekunde chache ili kompyuta ijifunze upya mipaka yake.

Kuhusu bima: ile ya kufidia wengine tu haikulipi kioo chako, na ile kubwa mara nyingi ina kiwango maalumu cha vioo. Kama kilivunjwa na mwizi, pita kwanza polisi uchukue abstrakti.

Kabla ya kumlipa fundi pesa iliyobaki, funga mlango na umwage ndoo mbili za maji juu ya kioo kipya. Nenda ukachungulie chini ya mlango. Maji yanapaswa kutoka pale kwenye matundu, kwa wepesi na bila punje. Ukiyaona kwenye zulia, mwambie auvue ule ubao tena, na umsimamie akiubandika utando.