Bukavu: Mbele ya kutaja bei ya nyumba, angalia kitabu cha konsevateri

Ndugu wamerithi nyumba ya baba yao Kadutu, wanataka kuiuza wagawane. Mnunuzi mmoja anatoa bei, wa pili anatoa nusu yake. Mara nyingi tofauti hiyo haitoki kwa matofali wala mabati. Inatoka kwa karatasi.

Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya serikali. Mkaaji anapewa haki ya kuutumia, na kinachohakikisha haki hiyo ni setifika ya uandikishaji. Setifika inatengenezwa mara mbili: moja anachukua mwenye parseli, ya pili inabaki katika kitabu cha konsevateri. Kwa hiyo mwenye kukadiria bei asitosheke na ile iliyofichwa ndani ya sanduku nyumbani. Kitabu ndicho kinaonyesha kama parseli imewekwa rehani benki, ama kama imekwisha kupita kwa jina la mtu mwingine.

Kadastre nayo inachunga proseverbali ya kupima na kuweka mipaka. Inafaa kwenda nayo mpaka parselini, mita mkononi. Katika miteremko ya Bukavu mvua inakula udongo, na mita zilizoandikwa zamani pengine sizo zilizobaki leo.

Karatasi za mtu binafsi pia zinasema. Mkataba wa mpangaji unaonyesha nyumba inaingiza dola ngapi kwa mwezi. Fakture za Regideso na SNEL zinaonyesha kama maji na umeme ni vya halali. Mkataba wa jirani aliyeuza ungekuwa kipimo kizuri kupita vyote, lakini kuna wanaoandika bei ndogo kuliko ile waliyolipana. Uliza, usiuamini peke yake.

Shida kubwa iko kwa wale wenye fishi ya parseli na barua ya kuuziana tu. Kwa sheria, kuuziana hakuhamishi parseli mpaka konsevateri aandike setifika mpya. Mnunuzi anajua kesi inaweza kumfuata, basi anapunguza bei mapema. Na mara nyingi mjane hajui hata karatasi ziko kwa shemeji gani. Aombe kuziona siku familia inapoketi, mbele mtu yeyote hajataja dola, na kopi zake zibaki kwake.