Je, Wajua? Cheo cha Lodi Hakirithiwi kwa Kukaa Kimya

Je, wajua kwamba Uingereza mrithi wa lodi hutakiwa kuthibitisha nasaba yake? Tangu 2004 lipo daftari rasmi la wenye vyeo hivyo. Mrithi hupeleka vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo. Asipoandikwa humo, hakuna hati ya serikali itakayomtaja kwa cheo hicho. Mtoto wa kuasili hakirithi kabisa, hata kama amelelewa katika nyumba hiyo tangu uchanga.

Vinasaba navyo vimeshaamua shauri. Mwaka 2016 majaji wa Privy Council mjini London walikubali ushahidi wa vinasaba katika mgogoro wa ubaroneti wa Pringle of Stichill, Scotland. Ilibainika kwamba vizazi kadhaa nyuma damu ya ukoo ilikatika. Cheo kikahamia tawi jingine.

Je, wajua kwamba risasi iliyopigwa Kenya iligawa urithi wa Scotland? Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, aliishi Oserian, kando ya Ziwa Naivasha. Alikuwa na cheo kikubwa bila ngome: aliporithi mwaka 1928, ngome ya ukoo ya Slains ilikuwa imeshauzwa tangu 1916. Tarehe 24 Januari 1941 alikutwa ameuawa ndani ya gari lake karibu na Karen, Nairobi, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Mtoto wake pekee, Diana, alikuwa na miaka 15. Uearl wa Erroll, kwa kuwa ni wa Scotland na huruhusu wanawake, ukawa wake, pamoja na wadhifa wa kale wa Konstebo Mkuu wa Scotland. Ubaroni wa Kilmarnock, usiopokea wanawake, ukaenda kwa baba yake mdogo, Gilbert. Vyeo vingi vya Uingereza bado humruka binti namna hiyo, na mimi naona ni dhuluma.

Na kiti bungeni? Sheria ya 1999 iliwaondoa karibu warithi wote katika Bunge la Malodi, wakabaki 92. Kiti kimoja kilipokuwa wazi mwaka 2016, wagombea walikuwa saba na wapiga kura watatu! Wote watatu walimchagua Viscount Thurso.

Je, wajua kwamba cheo kinaweza kukataliwa? Baba yake mbunge Tony Benn alipofariki mwaka 1960, Benn akawa Viscount Stansgate papo hapo, na hivyo akapoteza kiti chake cha ubunge. Alishinda uchaguzi mdogo wa 1961, akazuiwa kuingia. Hakukata tamaa hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1963, akawa wa kwanza kukivua cheo. Siku hizi mrithi hupewa miezi 12 kuamua, na akishakikataa hawezi kukirudia maisha yake yote. Watoto wake, hata hivyo, hawafungwi na uamuzi huo: Benn alipofariki mwaka 2014, mwanawe Stephen alikichukua, na mwaka 2021 akaingia Bunge la Malodi.