Lornah Kiplagat

Lornah Kiplagat (amezaliwa Kabiemit, Kenya, 1 Mei 1974) ni mwanariadha mstaafu wa mbio ndefu aliyeshindania Kenya na baadaye Uholanzi.

== Maisha na uraia ==
Akiwa Mkenya alishinda mbio za marathoni za Los Angeles mwaka 1997 na 1998, kisha Amsterdam mwaka 1999. Aliolewa na Mholanzi Pieter Langerhorst na mwaka 2003 akapata uraia wa Uholanzi. Wakati huo sheria ya Kenya haikuruhusu uraia pacha. Ulikubaliwa na katiba ya mwaka 2010. Hata hivyo hakuihama Kenya moja kwa moja: huko Iten alianzisha kituo cha mazoezi, hasa kwa lengo la kuwasaidia wanariadha wa kike.

== Mafanikio ==
Kwa Uholanzi alishika nafasi ya tano katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Athens 2004. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani mwaka 2006 na 2007, na wa nusu marathoni mwaka 2008. Huko Udine, Italia, mwaka 2007 aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni: saa 1, dakika 6 na sekunde 25.

Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa. Katika joto kali la pwani, Kiplagat alimshinda Tirunesh Dibaba wa Ethiopia. Dhahabu hiyo, iliyopatikana katika ardhi aliyozaliwa, ilihesabiwa kuwa ya Uholanzi.