BLANKETI LA VIRAKA LA DZALEKA: NANI ANAHESABU SAA?



Wengi wetu tunaijua njia ya kaskazini ya Lilongwe kwa sababu ya tumbaku. Pale Kanengo ndipo ulipo mnada na viwanda vya tumbaku, na wenzetu wamepinda migongo hapo msimu baada ya msimu. Ukiendelea mbele hadi wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka mjini, unafika Dzaleka. Zamani palikuwa gereza. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Kambi ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 14,000. Leo wamo zaidi ya 50,000.

Sisi wa chama tulikwenda huko mwezi wa Juni, wakati baridi ya Dowa inapouma. Hatukwenda kugawa msaada. Tuliitwa na akina mama saba wanaoshona mablanketi ya viraka. Walikuwa na mgogoro wa bei na mnunuzi wao, wakasikia kwamba watu wa chama wanajua mambo ya bei.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani ni kuokota matambara na kuyaunga tu. Mabaki hutoka Lilongwe. Kwenye baraza za maduka ya mji wa zamani mafundi wanakaa na cherehani za kukanyaga kwa mguu, wanashona chitenje, ambacho ndugu zetu wa Kongo wanakiita kitenge. Kila gauni huacha vipande vyembamba, vingine upana wa vidole viwili, na jioni hufagiliwa. Mabaki mengine ni ya kaunjika, yaani mitumba, ile ambayo haivaliki tena: shati limekwisha ukosi lakini mgongo bado mzima.

Kazi ya kwanza ni kuchagua. Pamba huwekwa peke yake na nailoni peke yake, kwa sababu pasi ya mkaa ikigusa nailoni inayeyuka na kuharibu kazi ya siku nzima. Kipande kisichojulikana huchomolewa uzi mmoja ukachomwa. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Nailoni hujikunja ikawa tone gumu. Halafu vitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa, vyote, ili kile kinachosinyaa kisinyae sasa na kile kinachochuja rangi kichuje sasa. Mama mmoja wa Uvira alituonyesha blanketi lake la kwanza, ambalo chitenje chekundu kilikuwa kimelitia madoa ya waridi kila mahali. Hakuliuza. Analala nalo mwenyewe na kulicheka.

Baada ya hapo hukatwa kipande cha shuka kuukuu chenye sentimita 30 kila upande. Juu yake hushonwa vipande vyembamba kimoja baada ya kingine: unalaza cha pili juu ya cha kwanza, uso kwa uso, unashona ukingo, unakikunjua, unapiga pasi, unaweka cha tatu. Ukijaza unapunguza kingo. Miraba 30 ya namna hiyo, mitano kwa sita, ndiyo blanketi moja la kumfunika mtu mzima. Chini yake huwekwa blanketi kuukuu la kutia joto, chini kabisa bitana, kisha matabaka yote matatu hushonwa pamoja kwa mkono ili yasitembee.

Sasa mgogoro. Mnunuzi, ambaye jina lake hatulitaji, huja kutoka mjini na uzi na bitana, akawapa akina mama kwa mkopo. Blanketi likiisha anakata gharama yake kwanza, ndipo analipa kilichobaki. Walipolalamika aliwajibu kwamba vitambaa ni takataka za kuokota, basi bei kubwa itatoka wapi?

Wenzetu wa mashamba ya tumbaku mtaitambua hesabu hii bila kuelezwa. Mpangaji wa shambani alipewa unga na mbolea mwanzo wa msimu, na siku ya mauzo alikatwa mpaka wengine wakarudi nyumbani mikono mitupu. Vyama, kikiwemo TOTAWUM cha wapangaji na wafanyakazi wa tumbaku, vilipiga kelele miaka mingi, na mwaka 2021 sheria ya kazi ilirekebishwa, upangaji huo ukapigwa marufuku. Shambani umepigwa marufuku, lakini tuliukuta chumbani kwa mshonaji.

Basi tukakaa mkekani tukahesabu. Mraba mmoja huchukua saa moja na nusu, kwa hiyo miraba 30 ni saa 45. Kuiunga ni saa 8. Bitana na kushona matabaka ni saa 12. Jumla saa 65, na kufua na kuchagua bado hatujaweka. Sheria ya Malawi inasema juma la kawaida la kazi lisizidi saa 48. Maana yake blanketi moja ni juma zima na siku mbili juu yake. Chumba kilikaa kimya. Mama mzee kuliko wote akasema, "Kumbe miaka yote tulikuwa tunauza kitambaa. Mikono tulikuwa tunaitoa bure."

Mtauliza, kwa nini wasiende kuuza mjini wenyewe? Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo ya kazi za mshahara na ya uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 Serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na kuanzia Mei mwaka huo wengi walikusanywa Lilongwe na kurudishwa, maduka yao yakafungwa. Mnunuzi analijua hilo vizuri. Nguvu yake iko kwenye safari ya kilomita 45. Upo mradi wa Kibébé, wa shirika la There is Hope, ambapo wakimbizi na wenyeji hushona vitu vya chitenje vya kuuzwa, lakini nafasi za mradi mmoja haziwezi kutosha kambi nzima.

Tukawasimulia habari ya wenzao wa Alabama, Marekani. Huko wanawake weusi, wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, walikuwa wakishona viraka kutokana na nguo za kazi zilizochakaa. Baadhi ya familia zilifukuzwa na wenye ardhi kwa kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1966 wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, ili wauze kwa pamoja na bei waipange wao. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushonea duka kubwa la Sears foronya za mito, na mabaki ya kazi hiyo nayo wakayageuza mablanketi. Hatukuficha kwamba ushirika huo ulifungwa mwaka 2012, baada ya washonaji wengi kuzeeka na kufariki. Mama wa Uvira akajibu kwamba miaka 46 si haba.

Akina mama saba hao wamekubaliana mambo mawili. Bitana na uzi watanunua kwa kuchanga, hakuna kuchukua mkopo wa mnunuzi. Na kila mmoja ana daftari la saa, ambalo mnunuzi atalisoma kabla ya kutaja bei. Safari ya kwanza alikasirika akaondoka. Alirudi baada ya majuma mawili, akachukua mablanketi manne kwa bei yao, la tano akalikataa. Mazungumzo yanaendelea.

Wanachama wa viwanda vya nguo, mabaki yenu yanahitajika. Yaombwe kwa meneja kupitia kamati ya tawi, na mpewe barua ya kutokea getini, mlinzi asije akamwita mtu mwizi kwa kilo mbili za matambara. Pamba tu, tafadhali.